Mstari wa Ardhini na Mstari wa Hewani: Kilimanjaro katika Mikataba ya Mazingira

Vitabu vingi vya sheria za kimataifa huanza historia ya mikataba ya mazingira mjini Stockholm, Juni 1972. Tarehe hiyo yamtosha mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani, lakini haimtoshi Mtanzania anayetaka kuelewa kwa nini neno "hifadhi" huamsha uchungu katika vijiji vya Rombo, Hai na Old Moshi. Kwetu sisi historia hiyo ina umri mkubwa zaidi, tena ilianzia kwenye miguu ya Mlima Kilimanjaro. Mei 1896 Hermann von Wissmann, gavana wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, alitoa amri ya uwindaji iliyowataka wawindaji wawe na leseni na iliyotenga maeneo mawili ya kuhifadhi wanyama: moja magharibi mwa Kilimanjaro, jingine Rufiji. Amri hiyo ilifungua mazungumzo kati ya Berlin na London, na mazungumzo hayo yakazaa mkutano wa London wa mwaka 1900 na mkataba wa kwanza wa kimataifa wa kuhifadhi wanyamapori wa Afrika.

Katika makala haya nataka kutetea hoja moja. Tangu wakati ule mlima huu umepitiwa na mikataba ya aina mbili. Aina ya kwanza huchora mstari ardhini: huku ni hifadhi, kule ni kijiji. Aina ya pili huchora mstari hewani: dunia isitoe gesijoto kupita kiwango fulani, joto lisipande kupita nyuzi fulani. Mstari wa ardhini una vigingi, askari na mahakama, na humwangukia mnyonge kwa uzito wake wote. Mstari wa hewani una hotuba, ahadi na tarehe zinazosogezwa mbele, nao unawahusu wenye nguvu. Anayezungumzia "mikataba ya mazingira" kana kwamba yote ni ya namna moja atashindwa kueleza kwa nini mlima uliotiwa saini nyingi kiasi hiki bado unapoteza msitu na barafu yake, na kwa nini watu wake hawaioni mikataba hiyo kuwa yao.

Kibosho, Moshi na London

Wissmann hakuwa mgeni mlimani alipotoa amri yake. Februari 1891 aliongoza jeshi lililoivunja ngome ya Mangi Sina wa Kibosho. Mwaka uliofuata Wajerumani walishindwa vibaya na Mangi Meli wa Moshi, wakampoteza kamanda wao von Bülow. Mwaka 1893 wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Amri ya kuhifadhi wanyama ilitolewa, basi, katika nchi iliyokuwa bado inapigwa ili ikubali kutawaliwa.

Tarehe 2 Machi 1900 Mangi Meli alinyongwa hadharani Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa mlimani na wa nchi jirani, kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya utawala wa Kijerumani. Hadi leo ukoo wake unakitafuta kichwa chake, kinachoaminika kupelekwa Ujerumani. Majuma kumi na moja baada ya siku hiyo, tarehe 19 Mei 1900, wawakilishi wa Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Uhispania, Italia na Dola Huru ya Kongo walitia saini mkataba wao mjini London. Sidai kwamba tukio moja lilisababisha lingine. Ninachosema ni kwamba ukizisoma tarehe hizo mbili pamoja utajua ni nani aliyekuwa na haki ya kusema juu ya ardhi hii, na ni nani aliyenyang'anywa haki hiyo.

Yaliyomo katika mkataba huo yanafaa kusomwa na kila anayefanya kazi katika idara zetu za uhifadhi, kwa sababu msamiati wake bado tunautumia. Uliorodhesha wanyama wasioruhusiwa kuuawa, ukataka leseni za uwindaji, misimu ya kufunga uwindaji na maeneo ya akiba. Ulitaka nyavu na mitego ya mashimo, ambazo ni njia za uwindaji za wenyeji, ziwekewe mipaka, huku bunduki yenye leseni ikipewa heshima ya kisheria. Tena uliorodhesha wanyama waliohesabiwa kuwa waharibifu, wakiwamo simba, chui, fisi na mamba, ukataka idadi yao ipunguzwe. Simba ambaye leo tunamlinda kwa mtutu wa bunduki na kumuuza kwa watalii, wakati ule alikuwa adui wa uhifadhi. Mwanafunzi makini atajifunza hapo kwamba "uhifadhi" ni uamuzi wa watu wa wakati fulani kuhusu kitu gani kina thamani na kwa ajili ya nani.

Mkataba wa 1900 haukupata kuanza kutumika, kwa kuwa dola zilizotia saini hazikuuridhia zote. Hata hivyo roho yake iliingia katika sheria za makoloni. Huo ni ushahidi wa kwanza wa jambo tutakaloliona tena: mkataba dhaifu kati ya wakubwa waweza kuwa sheria kali kwa wadogo.

Kutoka msitu wa serikali hadi urithi wa dunia

Wajerumani walianza kuutenga msitu wa Kilimanjaro kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza walipopewa Tanganyika wakautangaza upya kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1921. Mwaka 1933 dola za kikoloni zilikutana tena London zikatoa mkataba mwingine, ulioanza kutumika 1936, nao ndio ulioiingiza dhana ya "hifadhi ya taifa" katika sheria za Afrika: eneo ambalo mipaka yake haibadiliki ila kwa chombo cha kutunga sheria.

Uhuru ulipokaribia, Septemba 1961, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la uhifadhi, lisilopaswa kuchanganywa na lile la Ujamaa la 1967. Humo aliahidi mbele ya mataifa kwamba Tanganyika itawatunza wanyamapori wake kama amana ya vizazi vijavyo. Mwaka 1968 nchi huru za Afrika zilitia saini mjini Algiers mkataba wao wenyewe wa kuhifadhi mazingira na maliasili, ukataja udongo, maji na misitu, si wanyama wa kuwindwa peke yao. Ulikuwa mkataba wa kwanza wa aina hiyo ulioandikwa na Waafrika, na mpaka leo hutajwa kwa nadra katika madarasa yetu.

Kilimanjaro ilitangazwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, ikichukua sehemu ya juu ya mlima. Mwaka 1977 Tanzania iliridhia Mkataba wa Urithi wa Dunia wa 1972, na mwaka 1987 mlima ukaandikwa katika orodha ya UNESCO. Tangu hapo Kibo ni mali yetu kwa mujibu wa katiba yetu, na wakati huohuo ni mali ya binadamu wote kwa mujibu wa mkataba. Swali la nani anabeba gharama ya umiliki huo wa pande mbili halikujibiwa popote katika makaratasi ya 1987. Lilijibiwa chini ya msitu, katika ukanda wenye upana wa mita mia nane.

Nusu maili

Mwaka 1941 serikali ya kikoloni, ikiona kwamba vihamba vimejaa na watu wanahitaji kuni, majani ya ng'ombe na mbao za kujengea, ilitenga ukanda wa nusu maili kwenye ukingo wa chini wa msitu. Ukanda huo uliwekwa mikononi mwa mamlaka ya Wachagga wenyewe. Ilipandwa miti, wananchi wakaruhusiwa kuchukua mahitaji yao kwa utaratibu, na mapato yakaingia katika mfuko wa baraza lao. Haukuwa mpango wa haki kamili, kwani ulikuwa ndani ya mfumo wa kikoloni. Lakini ulikuwa na sifa moja adimu: waliopewa wajibu wa kuutunza msitu walikuwa ndio wanaonufaika nao, na aliyeharibu alijulikana kwa jina na kwa ukoo.

Utaratibu huo ulifanana na mambo ambayo jamii ya mlimani iliyajua. Mifongo iliyoshusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba ilisimamiwa na koo: kila mmoja alijua siku yake ya maji, na asiyekwenda kuzibua mfongo alitozwa. Mpaka wa kihamba uliwekwa kwa kupandwa isale, na jani la mmea huohuo ndilo lililopelekwa na mtu aliyekwenda kuomba msamaha kwa jirani yake. Kwa lugha ya leo tungesema kwamba sheria ya mpaka na sheria ya usuluhishi zilikuwa katika kichaka kimoja.

Baada ya uhuru nusu maili ilianza kuhamishwa kutoka mkono hadi mkono. Mwaka 1962 ilikwenda kwa halmashauri ya wilaya. Mwaka 1972, serikali za mitaa zilipovunjwa, ilichukuliwa na serikali kuu. Mwaka 1987 ikarudishwa kwa halmashauri za wilaya. Kila uhamisho ulimwondoa mtunzaji wa jana bila kumwandaa wa kesho, na mali isiyo na mwenyewe hufyekwa. Uchunguzi uliofanywa kwa ndege mwaka 2001, kwa msaada wa Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, ulionyesha ukubwa wa madhara: miti ya asili, hasa mkulo ambao Wachagga huuita mseri, ilikuwa ikikatwa ovyo ndani ya msitu, na sehemu kubwa ya nusu maili ilikuwa imevamiwa.

Mwaka 2005 mipaka ya Hifadhi ya Taifa ilisogezwa chini ikaumeza msitu wote wa hifadhi, pamoja na nusu maili. Eneo la hifadhi liliongezeka kutoka takriban kilomita za mraba 753 hadi 1,668. Hatua hiyo iliitikia pia ushauri wa kimataifa, kwa kuwa tangu mlima ulipoandikwa urithi wa dunia ilikuwa imehimizwa kwamba msitu zaidi uingizwe ndani ya mipaka. Lazima tuwe waadilifu: hoja ya kupanua mipaka haikuwa ya uongo. Msitu huo ndio tangi la maji la nchi yote ya chini. Mvua na ukungu unaonaswa na miti yake hulisha chemchemi na mito inayokwenda Moshi mjini, kwenye mashamba ya miwa ya TPC, katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kupitia Mto Pangani hadi kwenye mitambo ya umeme ya Hale na Pangani. Msitu ukifa, anayeumia ni mkulima wa Kahe kabla ya mtalii wa Marangu.

Lakini angalia namna hatua hiyo ilivyomfikia mwananchi. Mama aliyekuwa akiingia nusu maili kukata majani ya ng'ombe, kama alivyofanya mama yake na bibi yake, aliamka siku moja akiwa mvamizi wa Hifadhi ya Taifa. Hakuna saini yake popote. Hakuna aliyemsomea Mkataba wa Urithi wa Dunia. Wabunge wa majimbo ya Kilimanjaro, wa chama tawala na wa upinzani, wamelisimamia suala la nusu maili bungeni mara kwa mara, wakieleza malalamiko ya wanawake kukamatwa na kunyanyaswa. Suala linalorudi bungeni miaka nenda miaka rudi ni suala ambalo halijatatuliwa.

Wakati huohuo dunia inajifunza kutoka kwa watu haohao. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kilimo cha kihamba cha Shimbwe Juu mwaka 2011 kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, kwa sababu ya namna kinavyochanganya migomba, kahawa, miti na mifugo bila kuichosha ardhi. Kwa hiyo mkulima wa mlimani ni mwalimu wa uhifadhi katika waraka mmoja wa kimataifa, na mtuhumiwa katika utekelezaji wa mwingine.

Barafu na wadaiwa wake

Tuinue macho sasa. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliiona theluji ya Kibo, na alipoiandika habari hiyo baadhi ya wanajiografia wa Ulaya walimcheka, wakishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Baada ya karne moja na nusu Ulaya na Marekani zilianza kuililia theluji ileile. Vipimo vinaonyesha kwamba barafu iliyofunika takriban kilomita za mraba 12 mwaka 1912 ilikuwa imebaki chini ya kilomita za mraba 2 mwaka 2011. Asilimia 85 ilikuwa imetoweka.

Hapa mwanaharakati anapaswa kuwa mwangalifu, kwani hoja nzuri huharibiwa na ushahidi mbaya. Mwaka 2002 watafiti walikadiria kwamba barafu ingekwisha kati ya 2015 na 2020. Mwaka 2020 ulipita, na mabaki bado yapo. Mwaka 2022 UNESCO ilikadiria kwamba yatatoweka ifikapo 2050. Aidha, wanasayansi wengi wanakubaliana kwamba kupungua huko kulianza mwishoni mwa karne ya 19, hewa ya Afrika Mashariki ilipokuwa kavu zaidi, na kwamba ongezeko la joto limekuja juu ya ukame huo. Na tafiti zimeonyesha kuwa mchango wa ukataji miti mlimani katika kuyeyuka kwa barafu ni mdogo. Maana yake kisiasa ni kubwa: mkulima wa Kilimanjaro ana la kujibu kuhusu msitu, pamoja na serikali iliyouhamishahamisha, lakini kuhusu hali ya hewa ya dunia deni si lake. Sehemu ya Tanzania katika gesijoto za dunia haifiki hata asilimia moja.

Mikataba inayohusu deni hilo tunaijua. Mkataba wa Mabadiliko ya Tabianchi ulipitishwa mwaka 1992, ukatiwa saini na mataifa mjini Rio de Janeiro, na Tanzania ikauridhia 1996. Msingi wake ni wa haki: wajibu ni wa wote, lakini haulingani, kwa kuwa waliotajirika kwa kuchafua hewa wana zaidi ya kulipa. Itifaki ya Kyoto ya 1997 iliziwekea nchi tajiri viwango vya lazima. Marekani ilikataa kuiridhia, na Kanada ikatangaza kujitoa mwaka 2011. Mkataba wa Paris wa 2015 ukaja na dawa nyepesi zaidi: kila nchi ijiwekee kiwango chake, na kamati inayosimamia utekelezaji isiwe ya kuadhibu. Tanzania iliuridhia mwaka 2018. Marekani imejitoa, ikarudi, kisha Januari 2025 rais wake akasaini tena amri ya kujitoa. Ahadi ya mwaka 2009 ya dola bilioni 100 kila mwaka kwa nchi maskini ilipaswa kutimia 2020. Kwa hesabu za nchi tajiri zenyewe ilitimia 2022.

Linganisha basi. Anayeingia hifadhini na panga hakamatwi na kamati isiyo ya kuadhibu. Haulizwi amejiwekea kiwango gani cha majani. Hawezi kutangaza kujitoa katika mkataba halafu akarudi baada ya uchaguzi. Kwake sheria ni sheria. Sitoi hoja kwamba aruhusiwe kufyeka. Hoja yangu ni kwamba mfumo unaomkaba mwenye panga na kumbembeleza mwenye bomba la moshi hauwezi kuuokoa mlima, kwa sababu moshi unavuka kila kigingi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba chombo cha kudai haki hiyo tumekuwa nacho tangu 1977. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Urithi wa Dunia inazitaka nchi wanachama zisichukue kwa makusudi hatua zinazoweza kudhuru, moja kwa moja au kwa njia nyingine, urithi ulio katika nchi nyingine. Waandishi wa 1972 hawakuwa wakifikiria gesijoto. Lakini sheria husomwa na vizazi vinavyofuata, na mwaka 2007 UNESCO yenyewe iliitaja Kilimanjaro miongoni mwa mifano ya urithi unaotishiwa na mabadiliko ya tabianchi. Ibara iliyotumiwa kutukumbusha wajibu wetu wa kulinda msitu inayo pacha wake inayowakumbusha wengine wajibu wao kwetu. Pacha huyo tumemwacha alale.

Mikataba iliyong'ata

Msomaji aweza kukata tamaa hapa akasema mikataba ni karatasi tu. Historia haimuungi mkono. Itifaki ya Montreal ya 1987, iliyolenga kulinda tabaka la ozoni, ilifaulu. Ilikuwa na ratiba ya lazima ya kuondoa kemikali, ilizuia biashara ya kemikali hizo na nchi zisizo wanachama, na kuanzia 1990 ikawa na mfuko wa kuzisaidia nchi maskini kubadili teknolojia. Fundi wa majokofu wa Moshi leo hatumii gesi zilizotumiwa na mwalimu wake, na hakuhitaji kukamatwa na askari ili abadilike. Palipokuwa na ratiba, fedha na adhabu kwa wenye nguvu, mstari wa hewani ulishika.

Karibu zaidi na nyumbani, mwendo mfupi wa basi kutoka Moshi, upo mji wa Arusha na mahakama zake mbili. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, katika shauri lililofunguliwa na asasi ya Kenya, iliizuia Tanzania kujenga barabara ya lami kukatiza kaskazini mwa Serengeti, ikitegemea vifungu vya mazingira vya Mkataba wa Jumuiya. Mwaka 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki za Waogiek kwa kuwaondoa katika Msitu wa Mau, ikakataa hoja kwamba kulinda msitu kulihalalisha kuwafukuza. Mwaka 2022 ikaamuru walipwe fidia. Hukumu hizo mbili zisomwe kwa pamoja. Ya kwanza inasema serikali haiwezi kuharibu mazingira kwa jina la maendeleo. Ya pili inasema haiwezi kuwaumiza watu kwa jina la mazingira. Mwananchi wa nusu maili anazihitaji zote mbili.

Lakini Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi na asasi kuishtaki moja kwa moja katika Mahakama hiyo ya Afrika. Tangu mwaka uliofuata, raia wa nchi inayoipa mahakama hiyo makao anaweza kuliona jengo lake akielekea Arusha, ila hawezi kupeleka shauri lake ndani. Hili ni pengo ambalo kila mwanafunzi wa sheria anapaswa kulizungumza kwa sauti.

Wala si jambo geni kwa watu wa mlimani kusema mbele ya dunia. Mwaka 1952 Kirilo Japhet, kutoka Meru, alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mjini New York kulalamikia kufukuzwa kwa Wameru kutoka Engare Nanyuki mwaka mmoja kabla. Hakurudi na ardhi mkononi, lakini aliirudisha siasa ya Tanganyika ikiwa na ari mpya. Na tarehe 23 Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria kuilinda hali ya hewa, na kwamba kuuvunja wajibu huo kwaweza kuwa kosa la kimataifa. Safari ya maoni hayo ilianza mwaka 2019 kwa wanafunzi wa sheria wa visiwa vya Pasifiki. Wanafunzi, narudia, si mabalozi.

Kazi iliyo mbele yetu

Nini kifanyike? Kwanza, mikataba hii isomeke. Nakala rasmi za mikataba ya Umoja wa Mataifa huandikwa kwa Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Kiswahili ni lugha ya taifa letu, ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na tangu 2021 ndiyo lugha ya sheria zetu kwa mujibu wa Bunge. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge jukumu la kujadili na kuridhia mikataba. Bunge linalojadili kwa Kiswahili halina sababu ya kuridhia waraka ambao mwananchi hawezi kuusoma. Kila mkataba unaoletwa kuridhiwa uje na tafsiri yake, na tafsiri hiyo ifike katika ofisi za kata zinazopakana na hifadhi.

Pili, nusu maili ipewe mwenyewe. Historia ya 1941 hadi 1962 imeonyesha kwamba ukanda huo ulistawi ulipokuwa na mtunzaji anayenufaika. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 ina sehemu nzima kuhusu ushiriki wa umma. Mtumishi wa umma anayeitekeleza sheria hiyo asiridhike na mkutano wa siku moja na orodha ya mahudhurio. Utaratibu wa kukata majani na kuokota kuni uandikwe pamoja na vijiji, ukiwa na wajibu wa upande wa kijiji: kupanda miti, kuzima moto, kumtaja mkataji wa magogo. Moto wa Oktoba 2020, ulioteketeza takriban kilomita za mraba 95 mlimani, ulizimwa pia kwa mikono ya wananchi na wanafunzi waliopanda kusaidia. Huwezi kumwita mtu wakati wa moto na kumfukuza wakati wa majani.

Tatu, serikali iidai dunia kwa lugha ya sheria, iache lugha ya kuomba msaada. Tunapopeleka taarifa UNESCO kuhusu hali ya mlima, tuandike habari za vigingi vyetu na za Ibara ya 6 pia. Mfuko wa hasara na uharibifu ulioamuliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022 upelekewe madai yenye vipimo: mto gani umepungua, chemchemi gani zimekauka, mavuno ya kahawa ya tarafa gani yameshuka. Kazi ya kukusanya vipimo hivyo ni ya vyuo vikuu, na haihitaji kungoja mfadhili. Mwanafunzi anayetafuta mada ya utafiti aanze na mfongo mmoja wa kijiji chake: ulichimbwa na ukoo gani, ulikuwa na maji miezi mingapi kwa mwaka enzi za babu yake, una maji miezi mingapi leo. Taarifa mia moja za namna hiyo, zilizoandikwa vizuri na kuwekewa tarehe, zitakuwa ushahidi ambao hakuna mwanasheria wa nchi tajiri atakayeweza kuupuuza.